Cotman, Mtoto wa Kinyozi Aliyejua Kuacha

Ukipata noti ya pauni 20 ya Uingereza, ile ya plastiki iliyotoka mwaka 2020, igeuze nyuma. Kijana anayekutazama pale ni mchoraji J. M. W. Turner, na pamoja naye kuna merikebu ya kivita, Temeraire, ikikokotwa kwenda kuvunjwa. Nchi imemweka mchoraji wake kwenye pesa yake. Turner alizaliwa London mwaka 1775. Baba yake alikuwa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia.

Miaka saba baadaye, tarehe 16 Mei 1782, kinyozi mwingine wa Uingereza alipata mtoto wa kiume. Huyu alikuwa wa Norwich, mji wa mashariki ya nchi, kilomita zisizofika 200 kutoka London. Mtoto naye akakua akawa mchoraji, naye akachora bahari na mashamba, naye akapitia nyumba zilezile na mabwana walewale aliopitia Turner. Yeye hayupo kwenye noti yoyote. Anaitwa John Sell Cotman, na makala hii ni yake.

Nilimfahamu kwa njia ya pembeni. Nilikuwa natafuta picha za bahari za Turner kwenye tovuti ya British Museum kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, ndipo ikajitokeza picha ndogo ya daraja. Daraja la mawe la upinde mmoja, mto umetulia chini yake, majabali kadhaa mbele, miti imejikusanya kando. Basi. Hakuna radi, hakuna jua linalozama kwa fujo, hakuna mtu anayekufa. Nilipita nikaenda zangu, kisha nikarudi. Nikaikuza picha kwenye skrini hadi ikajaa, nikitafuta mahali alipoonyesha jani mojamoja, jiwe mojamoja. Hakuna. Mti ni bapa la rangi ya kijani iliyokolea lenye ukingo safi kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Kivuli cha daraja ni bapa jingine. Maji ni bapa la tatu. Ukiangalia kwa karibu unaona mabapa tu. Ukirudi nyuma hatua mbili unaona mto, ubaridi wa asubuhi, na ukimya.

Picha hiyo inaitwa "Greta Bridge", na aliichora karibu mwaka 1805, akiwa na miaka 23. Ni kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya kawaida ya ofisini. Wapo wengi, nami ni mmoja wao, wanaoiona kuwa miongoni mwa picha bora kabisa za rangi za maji zilizowahi kufanywa Uingereza. Alipoichora ilimsaidia kidogo sana.

Tuanze mwanzo. Norwich wakati fulani ulikuwa mji wa pili wa Uingereza baada ya London, kwa nguvu ya biashara ya nguo za sufu. Wakati Cotman anazaliwa, utajiri huo ulikuwa unaanza kuhama, lakini mji bado ulikuwa na wenye pesa, makanisa mengi ya kale, na watu waliopenda kusoma. Mzee Edmund Cotman alinyoa na kutengeneza nywele. Mwaka 1795 serikali, ikitafuta fedha za kupigana na Ufaransa, iliweka kodi kwenye poda ya nywele, ile waliyojipaka waheshimiwa kichwani. Kodi ile iliwauma vinyozi wote wa nchi. Mzee Cotman baadaye aliacha ukinyozi akawa mwuzaji wa hariri na lesi. Mwanawe alikwisha kupata nafasi ya kusoma bure katika shule kongwe ya mji, na huko alionekana ana jicho na mkono wa kuchora.

Inasimuliwa kwamba baba alimwendea mchoraji maarufu John Opie kumwomba ushauri: je, kijana aachwe afuate uchoraji? Opie akajibu kwamba ni heri kijana aende kung'arisha viatu. Hadithi kama hizi hunoga zaidi kila zinaposimuliwa, kwa hiyo ichukue kama hadithi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kumwambia mzazi wake kwamba anataka kuishi kwa kuandika mashairi anaijua sauti hiyo.

Mwaka 1798, akiwa na miaka 16, Cotman akaenda London. Kwanza alipaka rangi picha za kuchapwa za mfanyabiashara Rudolph Ackermann, kazi ya malipo madogo, picha ileile mara mia. Kisha akafika nyumbani kwa Daktari Thomas Monro. Huyu alikuwa tabibu wa wagonjwa wa akili, mmoja wa waliomtibu Mfalme George wa Tatu, na alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe: alipenda michoro kupita kiasi. Jioni aliwaalika vijana nyumbani kwake, akawapa chakula na pesa kidogo, wakakaa wakinakili picha alizokusanya. Turner alipita hapo. Thomas Girtin, rafiki na mshindani wa Turner, alipita hapo. Wenye vipaji wote wa rangi za maji wa kizazi kile wanaonekana wamepita kwenye meza ya yule daktari.

Mwaka 1800 Cotman alionyesha picha kwenye Royal Academy, chuo na ukumbi mkuu wa sanaa wa nchi. Alikuwa na miaka 18. Mwaka huohuo akasafiri kwenda Wales kuchora milima, kama walivyofanya wenzake wote. Hapa kuna jambo la historia linalosaidia kuelewa. Vita na Ufaransa vilikuwa vimefunga njia ya kwenda Ulaya. Mchoraji wa Kiingereza aliyetamani Italia alilazimika kutosheka na Wales, Scotland, Yorkshire. Kwa hiyo kizazi kizima kikaanza kutazama mito na mashamba ya nyumbani kwa macho yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya Roma. Uchoraji wa mandhari wa Uingereza ulizaliwa zamani kidogo, lakini vita hivyo viliulea.

Mwaka 1802 Girtin akafariki, ana miaka 27 tu. Mwaka uliofuata Cotman akaanza safari zake za Yorkshire, kaskazini mwa nchi. Alikwenda miaka mitatu mfululizo, 1803, 1804 na 1805, akikaa na familia ya Cholmeley katika nyumba yao ya Brandsby Hall. Walimpenda. Aliwafundisha mabinti wa nyumba ile kuchora, akala mezani na wenye nyumba, akatembea porini na kitabu chake cha michoro. Mwaka wa tatu akaenda mbele zaidi hadi mto Greta, ndipo likaja lile daraja. Daraja lenyewe lilichorewa ramani na msanifu John Carr na kujengwa mwaka 1773, kwa hiyo halikuwa gofu la kale la kuvutia watalii. Lilikuwa daraja la barabarani, jipya kuliko baadhi ya waliolipita.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu kila nilichokuja kumpendea Cotman kiko hapo.

Rangi za maji hazisamehi. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea anasubiri ikauke, anapaka juu yake, na mteja hajui. Kwenye rangi za maji, weupe wako wote ni karatasi yenyewe. Ukiifunika, basi, umeipoteza. Wachoraji wengi hutatua tatizo hili kwa kutapakaza: vidoa, mikwaruzo, ukungu, rangi moja ikivuja ndani ya nyingine, na mtazamaji anasema, "Lo, anga hili!" Cotman alifanya kinyume. Alichora kwanza kwa penseli, akaamua mipaka ya kila kitu, kisha akapaka mkono mmoja wa rangi nyembamba, akaacha ukauke kabisa, akapaka mkono wa pili mahali panapohitaji kivuli, akaacha ukauke. Hapapasi, hasugui. Ukingo wa kila mkono wa rangi unabaki wazi. Na pale panapotakiwa mwanga, hapagusi kabisa.

Kwa hiyo kazi yake kubwa inafanyika kabla ya brashi. Ni kazi ya kuamua nini kisiwepo. Mti wa kweli una majani maelfu, naye anakataa yote isipokuwa umbo. Ni kama mshairi mwenye mizani nane kwa kila kipande: maneno yote ya lugha yapo, lakini nafasi ni nane, na ustadi ni kujua lipi la kuacha bila msikilizaji kuhisi pengo.

Kati ya picha za wakati huo ipo ninayoipenda kuliko zote, "The Drop Gate, Duncombe Park". Imechorwa kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu angesafiri kwenda kukitazama: lango la mbao lililochakaa, linaloning'inia juu ya kijito ili ng'ombe wasivuke kwa kupitia majini. Mbao zimepinda, nyingine zimelegea. Basi, hiyo ndiyo picha. Duncombe Park ni makazi ya watu wakubwa, yenye jumba na mandhari yaliyotengenezwa kwa gharama ili yasifiwe. Mgeni alitegemewa achore hayo. Cotman akaligeuzia mgongo jumba akachora kizuizi cha ng'ombe. Ile ilikuwa miaka ambayo Bunge la Uingereza lilikuwa linapitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa malisho ya wote. Sisemi kwamba Cotman alikuwa anapinga kwa picha. Alikula kwenye meza za wenye ardhi, na sina ushahidi wa hilo. Nasema tu kwamba macho yake yalikwenda kwenye ua na lango wakati ua na malango vilikuwa habari kubwa ya mashambani.

Akarudi London na picha zile. Kulikuwa na chama kipya cha wachoraji wa rangi za maji, kilichoanzishwa mwaka 1804, na kuingia humo kulimaanisha wateja na maonyesho ya kila mwaka. Mwaka 1806 Cotman hakuchaguliwa. Chama kile kilikuja kumpokea mwaka 1825, tena kama mwanachama wa daraja la pili, miaka 19 baadaye. Mwishoni mwa 1806 akafungasha, akarudi Norwich.

Wanahistoria wengi wanaliona hilo kama kosa la maisha yake. Turner alibaki London, Turner akawa Turner. Mimi nasita. Norwich ya wakati ule haikuwa jangwa. Mchoraji John Crome, mtoto wa mfumaji, alikuwa ameanzisha pale chama cha wasanii mwaka 1803, kikakutana kujadili na kuonyesha kazi kila mwaka. Hakukuwa na mji mwingine wa mkoani wenye kitu cha namna ile. Cotman aliingia, na mwaka 1811 akawa rais wake. Na kazi alizofanya miaka ile mitatu minne ya mwanzo nyumbani ni za kiwango kilekile. "The Ploughed Field" ni shamba lililolimwa, mifuo ya udongo wa kahawia ikikimbilia mbali hadi kwenye buluu. "The Marl Pit" ni shimo la kuchimbia udongo wa chokaa wa kurutubisha mashamba. Shimo! Lakini ukuta wake unawaka manjano juani, kivuli kimekata katikati kama kisu, na anga la juu ni buluu tupu.

Na bahari sasa. Pwani ya Norfolk haiko mbali na Norwich, na Cotman aliijua vizuri, kuanzia Cromer hadi Great Yarmouth. Kwenye "Seashore with Boats", iliyo Tate jijini London, boti zimepandishwa ufukweni, na bahari imepewa nafasi ndogo kama mtu wa pembeni kwenye hadithi. Ni picha ya mafuta lakini imejengwa kwa akili ileile ya mabapa. Yeyote aliyekulia pwani anaijua saa ile: chombo kimerudi, kazi imekwisha au haijaanza, na chombo chenyewe kimelala upande kama mnyama aliyechoka.

Halafu ipo "The Dismasted Brig". Merikebu imekatikiwa milingoti, iko peke yake kati ya mawimbi, anga limeinama na mvua inashuka. Mada hii wachoraji wa zama zile waliipenda mno, na kwa kawaida waliichora kwa kelele: povu, radi, mikono inayopungwa kuomba msaada. Cotman anachora mawimbi kama vilima vizito, kila kimoja na ukingo wake, na hakuna msaada unaokuja. Kile chombo bado kinaelea. Hakina tanga, hakina mwelekeo, lakini hakijazama. Ninapokisoma kisa cha maisha yake narudi kwenye picha hiyo mara kwa mara, ingawa najua si halali kuigeuza kila picha kuwa wasifu wa mchoraji.

Maana sasa tunafika kwenye riziki. Mwaka 1809 Cotman alimwoa Ann Miles, na watoto wakaja. Picha zake haziuziki vya kutosha. Akafanya walichofanya wachoraji wengi wa mkoani: akafundisha. Mabinti na wake za matajiri walitakiwa wajue kuchora kidogo, kama walivyotakiwa wajue kinanda. Cotman akabuni mbinu ya kibiashara, nayo ni ya kuvutia. Alianzisha maktaba ya michoro. Unalipa ada, unaazima mchoro wa Cotman, unaupeleka nyumbani, unaunakili kwa raha zako, unaurudisha, unachukua mwingine. Kwa sisi tuliokua tukitumwa laibrari ya mtaani kukodi kanda za video, mfumo ni uleule. Kulikuwa na mamia ya michoro, na kila mmoja ulipewa namba. Hadi leo baadhi ya michoro yake kwenye makumbusho ina namba hizo.

Fikiria maana yake kwa msanii. Kila siku anachora vitu vya watoto wa shule kuiga. Vinatakiwa viwe wazi, vifuatike, visiwe vigumu mno. Mtu aliyekuwa na kipawa cha kuona kitu kimoja kama hakijawahi kuonekana anageuka kiwanda cha mifano. Mwaka 1812 akahamia Great Yarmouth, bandari ya samaki wa heringi na ya jeshi la majini, kwa mwaliko wa Dawson Turner. Huyu hana undugu na yule wa kwenye noti. Alikuwa mwenye benki, mtaalamu wa mimea, mkusanyaji wa mambo ya kale, mtu wa nguvu zisizokwisha. Cotman aliwafundisha mkewe na binti zake kuchora. Na Dawson Turner akamsukuma kwenye kazi nyingine: kuchora makanisa na majengo ya kale kwa usahihi, kwenye bamba la shaba, kwa sindano na tindikali.

Amani iliporudi Ulaya, Cotman alikwenda Normandy, Ufaransa, mara tatu: 1817, 1818 na 1820. Mwaka 1822 kikatoka kitabu chake kikubwa cha majengo ya kale ya Normandy, picha 100 za bamba la shaba. Ni kazi ya heshima. Lakini nikiitazama huwa najiuliza: yule aliyejua kuacha, hapa analazimishwa asiache kitu. Kila nguzo, kila tao, kila jiwe lililochongwa, kwa sababu wanunuzi ni wapenzi wa mambo ya kale wanaohesabu madirisha. Miaka kumi ya nguvu zake za utu uzima ilikwenda hivyo. Kwa haki lazima niseme pia kwamba baadhi ya mabamba yale yana giza na uzito wa ajabu, na kwamba bila Dawson Turner familia ingelala njaa. Mfadhili anaweza kukulisha na kukupoteza kwa mkono uleule.

Mwaka 1823 alirudi Norwich, nyumba kubwa, watoto watano, madeni. Rangi zake zikapamba moto: buluu kali, dhahabu, nyekundu. Wapo wanaosema alikuwa anajaribu kuwafurahisha wanunuzi. Wapo wanaosema aliyaona kweli Ufaransa. Nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Alianza pia kuchanganya rangi na gundi ya unga ili ziwe nzito na zikae muda mrefu bila kukauka, yaani alizibadilisha tabia zilezile zilizofanya "Greta Bridge" iwezekane. Katika barua zake tunamkuta mtu anayeingia na kutoka kwenye giza. Kuna vipindi vya furaha kubwa, kisha majuma ya kukata tamaa, akieleza kwamba matumaini yake ya maisha yameungua. Leo tungeita sonona na tungemtafutia daktari. Wakati ule waliita hali yake ya moyo, wakasubiri ipite.

Mwaka 1834 akapata ajira ya kudumu, mwalimu wa kuchora katika King's College School, London. Alikuwa ameshapita miaka 50. Yeye na wanawe wakatengeneza mamia ya michoro ya wanafunzi kunakili. Mmoja wa wavulana wa darasa lake alikuwa Dante Gabriel Rossetti, aliyekuja kuwa mshairi na mchoraji mashuhuri. Kinyozi hajinyoi, wahenga wetu walisema. Mtoto wa kinyozi wa Norwich aliwanoa wengine maisha yake yote, na kwake mwenyewe mkono haukufika.

Alifariki London tarehe 24 Julai 1842. Mwaka uliofuata kazi zake ziliuzwa kwa mnada Christie's, kwa bei ndogo. Kisha kimya. Turner alipofariki mwaka 1851 aliiachia nchi yake maelfu kwa maelfu ya kazi, na nchi ikalazimika kuzitunza. Cotman hakuwa na cha kuiachia nchi. Michoro yake ilikuwa imetawanyika kwenye majalada ya wanafunzi wake, makabati ya familia za Norfolk, na maduka ya vitu vya mitumba.

Je, alirudije? Hapa ndipo historia hii inanigusa kama mwandishi wa habari, kwa sababu hakurudishwa na wakubwa. James Reeve, mtunza makumbusho ya Norwich, alitumia miaka mingi kukusanya michoro ya Cotman na ya wachoraji wenzake wa mji ule. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa palepale aliyejua kila familia yenye kitu kabatini. Mwaka 1902 British Museum ilinunua mkusanyiko wake, na ndiyo maana "The Dismasted Brig" iko huko. Laurence Binyon, mshairi aliyefanya kazi katika makumbusho hayo, alikuwa ameshaandika kuhusu Crome na Cotman mwaka 1897. Familia ya Colman, wale wa haradali, ilinunua na hatimaye kuuachia mji wa Norwich mkusanyiko mkubwa. Na Sydney Kitson, msanifu majengo wa Leeds, alitoa wasifu kamili wa Cotman mwaka 1937, miaka 95 baada ya kifo chake. Mtunza makumbusho, mshairi, wauza haradali, msanifu majengo. Hao ndio waliomwokoa.

Siku hizi wanaomsifu Cotman hupenda kusema kwamba "aliutangulia wakati wake", kwamba mabapa yale ni sanaa ya karne ya 20 iliyowahi kufika. Naelewa kwa nini wanasema hivyo, lakini sifa hiyo siipendi. Inamfanya awe na thamani kwa sababu anafanana na waliokuja baadaye, kana kwamba bila wao asingekuwa kitu. Cotman hakuwa anatabiri. Alikuwa amesimama kando ya mto mwaka 1805, mwanga unabadilika, karatasi haisamehi, naye anaamua jani lipi lisiwepo. Jambo hilo lilikuwa na thamani yote asubuhi ileile, hata kama hakuna aliyelinunua. Na tukikubali hivyo, inabidi tujiulize kuhusu wa kwetu: nani yuko leo kwenye mji wa mkoani, anafundisha watoto kuchora ili alipe kodi ya nyumba, na kazi zake ziko kwenye kabati la nani? Na Reeve wake ni nani?

Nimalizie na picha ya mwisho. Vuli ya mwaka 1841, miezi michache kabla ya kufa, Cotman alirudi Norfolk kwa mapumziko. Akachora kama kijana tena, kwa chaki, pwani yenye dhoruba, mashamba yaliyofunikwa na mafuriko. Mchoro mmoja, "The Wold Afloat", ni nchi nzima iliyogeuka maji. Baba yake, yule kinyozi, alikuwa bado hai, mzee sana, akiishi Thorpe, nje kidogo ya Norwich. Cotman alichora mandhari yanayoonekana kutoka kwenye nyumba ya mzee. Aliporudi London, mwanzoni mwa 1842, akaanza kuyageuza kuwa picha ya mafuta: miti, mto, anga. Hakuimaliza. Iko katika makumbusho ya Norwich Castle, na inaitwa kwa jina lisilo na mbwembwe zozote, "From My Father's House at Thorpe", yaani mandhari kutoka nyumbani kwa baba yangu. Sehemu kadhaa bado ni rangi ya awali tu, na nimeitazama mara nyingi nikijaribu kuamua ni zipi alizokuwa hajazifikia na ni zipi alizokwisha kuamua kuziacha.